Nchi za Jirani: Tarehe Isiyoandikwa kwenye Boksi



Tarehe 30 Oktoba 2023 Rais William Ruto wa Kenya alifungua rasmi kiwanda cha kuunganisha simu janja huko Athi River, nje ya Nairobi. Kiwanda hicho ni cha ubia. Wamo Safaricom na Jamii Telecommunications za Kenya, na imo kampuni ya Kichina ya TeleOne. Simu za kwanza kutoka pale ziliitwa Neon, na bei zake zikatangazwa: shilingi za Kenya 7,499 kwa simu ndogo, na 8,999 kwa kubwa. Nchi iliyozoea kupokea simu zilizokwisha fungwa maboksi ng'ambo sasa ina vijana wake wanaoziunganisha kwa mikono yao wenyewe. Jirani mwema hana budi kulipongeza jambo kama hilo.

Zikiisha pongezi, linabaki swali ambalo haliwahusu watu wa Athi River peke yao, bali kila anayeunda simu, awe Shenzhen, Seoul au California. Simu hiyo itaendelea kuhudumiwa na waliyoiunda mpaka lini? Mnunuzi hutazama boksi. Ameandikiwa upana wa kioo, nguvu za betri, idadi ya kamera na ujazo wa kumbukumbu. Mwezi na mwaka ambapo mtengenezaji atanawa mikono, aghalabu hakuandikiwa.

Askari huelewa swali hili upesi kuliko raia. Boharini kila kitu kina umri wake. Mtungi wa kuzimia moto unaning'inia na kikaratasi cha tarehe ya ukaguzi. Dawa za sanduku la huduma ya kwanza zina mwezi wa mwisho wa kutumika. Risasi zina namba ya fungu na mwaka wa kutengenezwa. Mtunza bohari anayepokea vitu bila kuuliza tarehe anajua kwamba siku ya ukaguzi atasimama yeye mwenyewe kujieleza. Lakini askari huyo huyo akipata likizo, akaingia dukani na mshahara wake mfukoni, hununua kifaa ambacho ndani yake atatia akiba yake, barua zake na picha za watoto wake, na tarehe haulizi. Hata angeuliza, mwenye duka hana la kumjibu, kwa sababu naye hakuambiwa.

Yafaa kueleza kwa nini tarehe hiyo ina uzito. Simu ya zamani ya vibonye ilikuwa kama panga. Ukishalilipia ni lako, na likifika shambani halimkumbuki mhunzi aliyelifua. Simu janja haiko hivyo. Nusu yake ni chuma na kioo, nusu yake ni programu, na programu haimaliziki kuandikwa. Kila mwezi hugunduliwa mahali palipoachwa wazi, na kila palipoachwa wazi pana mtu anayetafuta kupenya. Mwezi Julai 2015 wataalamu wa usalama walitangaza kosa moja katika mfumo wa Android, wakaliita Stagefright. Ujumbe mmoja wenye picha za video ulitosha kumfungulia mhalifu mlango, na katika baadhi ya simu mwenyewe hakuhitaji hata kuufungua ujumbe huo. Wataalamu hao walikadiria kwamba simu zilizokuwa hatarini zilifika milioni 950. Kuanzia Agosti mwaka ule kampuni ya Google ikaanza kutoa masahihisho ya usalama kila mwezi, ambayo siku hizi huitwa masasisho.

Sasa itazamwe safari ya sahihisho moja. Linatoka Google, linakwenda kwa aliyetengeneza chipu, yaani ubongo wa simu. Kutoka hapo linakwenda kwenye kiwanda kilichounda simu, na mara nyingine linapita kwa kampuni ya mtandao, ndipo limfikie mwenye simu aliye Arusha au Kisumu. Katika kila kituo cha safari hiyo yuko fundi anayepaswa kulipwa ujira wa kulijaribu na kulifanya lioane na simu ile. Lakini mnunuzi alilipa mara moja tu, siku ya kwanza. Mwaka wa pili au wa tatu kiwanda kina simu mpya ya kuuza, na ile ya zamani haileti tena senti. Hapo masahihisho hukatika. Wala haipigwi baragumu. Simu inaendelea kupiga na kupokea, tochi yake inawaka, muziki unalia. Ila ukuta wake haukarabatiwi tena, na wezi wanajua tofali lipi limelegea.

Umri wa simu una mwisho wa namna mbili. Wa kwanza ni huo wa ukimya. Wa pili ni wa ghafula, pale huduma iliyo ndani ya simu inapogoma kufanya kazi. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Android zenye toleo la 4.4 na zilizo nyuma ya hapo, na tarehe 5 Mei mwaka huo ikazifungia simu za iPhone zisizoweza kufikia toleo la 15.1. Walioathirika Ulaya hawakuwa wengi wa kutajwa. Afrika ya Mashariki ni habari nyingine, kwa kuwa huku simu haitupwi, hurithiwa. Sajenti akinunua simu mpya, ile ya zamani humpa mdogo wake, na mdogo mtu akipata nyingine, ya kwanza hupelekwa kijijini kwa mama. Tena ziko simu za mtumba zinazoingia kutoka Dubai na Ulaya, ambazo miaka yake mizuri imekwisha liwa na mwingine. Kwa hiyo mama wa kijijini ndiye anayebaki na simu katika miaka ile ambayo hakuna anayeilinda, na ndani ya simu hiyo hiyo ndimo anamopokelea fedha anazotumiwa na mwanawe aliye jeshini.

Huko Marekani, ambako vifaa vya namna hii vilienea mapema, watu walionja uchungu wake zamani kidogo. Kilikuwako kifaa kiitwacho Revolv, bei yake dola 299, kazi yake kuendesha taa, kufuli na mitambo mingine ya nyumbani kwa kupitia simu. Kiliuzwa kwa ahadi ya huduma ya maisha. Oktoba 2014 kampuni iliyokiunda ilinunuliwa na kampuni ya Nest, mali ya Google, na tarehe 15 Mei 2016 mitambo ya mbali iliyokuwa ikikiongoza ikazimwa. Kifaa hakikuanguka wala hakikuungua. Kilikuwa kizima juu ya rafu, na hakikufaa kitu. Kumbe maisha yaliyoahidiwa hayakuwa ya mnunuzi wala ya kifaa, yalikuwa ya mkataba wa watu wengine. Tume ya Biashara ya Shirikisho ilifanya uchunguzi, na Julai 2016 ikalifunga faili bila adhabu, ikieleza miongoni mwa sababu kwamba vilivyouzwa vilikuwa vichache na kwamba kampuni ilikuwa ikirudisha fedha. Novemba 2024 watumishi wa tume hiyo hiyo walichunguza aina 184 za vifaa janja kwa kutazama kurasa za watengenezaji wenyewe. Aina 163 hazikueleza vitahudumiwa mpaka lini. Hizo ni karibu tisa katika kila kumi.

Turudi kwa majirani. Kenya ina silaha ambayo nchi nyingi hazina. Katiba yake iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ina Ibara ya 46, na ibara hiyo inamtaja mlaji kwa cheo chake. Inasema ana haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili. Ana haki ya kupewa habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi vilindwe. Na alipwe fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro. Mwaka 2012 Bunge la nchi hiyo likapitisha Sheria ya Kumlinda Mlaji, ikaanza kutumika mwaka 2013. Uganda ina sheria yake ya mwaka 2017 ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma. Rwanda ina ya 2012 inayochanganya ushindani na ulinzi wa mlaji. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mnunuzi. Nchi hizi, basi, hazina upungufu wa sheria.

Upungufu uko kwenye lile neno la Kenya, "habari zinazohitajika". Je, tarehe ya kukoma kwa masahihisho ni habari inayohitajika, au si habari? Mtu mwenye akili timamu atasema ni habari, tena kubwa kuliko idadi ya kamera. Simu ya shilingi 8,999 itakayohudumiwa miaka minne ni rahisi kuliko ya shilingi 7,000 itakayoachwa baada ya miaka miwili, lakini hesabu hiyo haiwezi kufanywa na mtu aliyefichwa namba moja kati ya mbili. Kununua namna hiyo ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hata hivyo sheria hizi zote ziliandikwa wakati mbunge akifikiria sukari yenye mchanga, mizani iliyochezewa na redio mbovu. Kitu kinachouzwa kikiwa kizima, kikadhoofika baadaye kwa sababu mtu aliye mbali ameacha kufanya kazi, hakikuwa mbele ya macho yao.

Watengenezaji wana utetezi wao, na haki ni kuusikiliza. Husema kwamba hakuna anayeweza kuhudumia simu ya bei ndogo milele, kwamba faida ya simu moja ni kiduchu, kwamba aliyetengeneza chipu akiacha kutoa programu zake kiwanda hakina la kufanya. Yako ya kweli humo. Ndiyo maana ahadi ndefu zimekwenda kwa wenye fedha. Oktoba 2023 Google iliahidi miaka 7 kwa simu yake ya Pixel 8, na Januari 2024 Samsung ikaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24. Sheria ikilazimisha simu ya mkulima ihudumiwe miaka 7, bei yake itapanda, na huenda mkulima akabaki na ile ya vibonye. Hilo linataka busara. Lakini utetezi huo unahusu urefu wa miaka tu. Kuandika tarehe kwenye boksi hakumgharimu mtu kitu zaidi ya wino.

Tena uko ushahidi mwingine unaodhoofisha hoja ya kwamba simu ikishatoka dukani haifikiki. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo. Ulipoanza, mteja alitanguliza kiasi kidogo, kisha alilipa shilingi 20 kwa siku mpaka deni liishe. Mpango umewafikisha wengi kwenye simu janja ambazo wasingezigusa, na kwa hilo unastahili heshima. Ila mteja akichelewa kulipa, simu hufungwa kwa mbali. Mipango ya namna hiyo imeenea Afrika ya Mashariki yote, na askari wengi wameona jirani yake kambini ameshika simu inayomwonyesha kioo cha deni. Basi mkono wa muuzaji ni mrefu wa kutosha kuifikia simu huko Turkana au Tarime siku ya kudai. Mkono uliofika kwa ajili ya kufunga hauwezi kusemwa kuwa ni mfupi kwa ajili ya kuziba tundu.

Serikali nazo zimewahi kuonyesha urefu wa mkono wao. Mwishoni mwa Septemba 2012 Kenya ilizima simu bandia, na Juni 2016 Tanzania ikafanya vivyo hivyo. Sababu zilikuwa nzuri: kuzuia wizi, kulinda afya, kuwafuatilia wahalifu, na mapolisi wanajua jinsi namba halisi ya simu inavyosaidia upelelezi. Lakini katika nchi zote mbili aliyebaki na kifaa kisichopiga ni mnunuzi, ambaye mara nyingi hakujua kwamba alichouziwa ni bandia. Aliyemwuzia alikwisha kula fedha. Ulinzi wa mlaji uliomwangukia mlaji mwenyewe ni ulinzi uliopinda.

Ipo pia hatari ya mtengenezaji kufa kabla ya simu yake. Oktoba 2019 kampuni ya Mara ilifungua kiwanda cha simu Kigali, na mwezi huo huo kingine karibu na Durban, kwa shangwe kubwa ya kwamba Afrika sasa inaunda simu zake. Mwaka 2022 kile cha Durban kikawekwa kwenye mnada. Mnada huuza mashine, meza na vipuri. Wajibu wa kuzihudumia simu zilizokwisha kuuzwa hauwi na namba kwenye orodha ya dalali.

Ulaya wameanza kufunga mianya hiyo, si kwa wema wa makampuni bali kwa sheria. Uingereza ilitangulia: tangu tarehe 29 Aprili 2024 anayeuza kifaa janja nchini humo anapaswa kutangaza muda wa chini kabisa ambao kifaa kitapewa masahihisho ya usalama, na anayekaidi anaweza kutozwa hadi pauni milioni 10 au asilimia 4 ya mapato yake ya dunia nzima. Hapakuwa na amri ya miaka mingapi. Amri ni kusema tu. Jumuiya ya Ulaya ikaenda mbali zaidi. Tangu tarehe 20 Juni 2025 masasisho ya simu zinazouzwa huko yanapaswa kupatikana kwa angalau miaka 5 tangu siku simu ya mwisho ya aina hiyo ilipopelekwa sokoni, na vipuri vyake muhimu kwa miaka 7.

Nguvu ya sheria huonekana vizuri zaidi mahali ambapo kitu kile kile kinauzwa kwa watu wawili wenye serikali tofauti. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, programu inayoendesha kompyuta zisizohesabika, zikiwamo za ofisi nyingi za Afrika. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo lililofuata. Kampuni ilikubali kutoa masahihisho kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, lakini kwa masharti: mwenye kompyuta ya nyumbani alipe dola 30, au atumie pointi za kampuni hiyo, au akubali kuhifadhi nakala za mipangilio yake kwenye mitambo ya kampuni. Vyama vya walaji vya Ulaya vikapiga kelele, vikisema kwamba masharti hayo yanagongana na sheria za huko. Septemba 2025 kampuni ikalegeza kamba, na watu wa nchi za Ulaya wakapata mwaka huo bila kulipa na bila sharti la nakala. Kompyuta ni ile ile, programu ni ile ile, kiwanda ni kile kile. Mwenye kompyuta Brussels alipewa bure, mwenye kompyuta Mombasa akaachiwa achague kati ya masharti matatu.

Msikilizaji wa jeshini asidhani kwamba haya ni mambo ya raia na vijisimu vyao. Mwezi Novemba 2019 afisa mmoja wa kikosi cha Marine cha Marekani aliandika katika gazeti la New York Times jinsi mafundi wa kijeshi walioko Korea ya Kusini walivyozuiwa kutengeneza jenereta yao iliyoharibika, kwa kuwa kuigusa kungevunja dhamana ya kiwanda. Akaeleza pia jinsi injini zilivyokuwa zikifungashwa kule Japani na kurudishwa kwa mkandarasi Marekani, ilhali mafundi wenye ujuzi wamesimama hapo hapo. Jenereta ni mali ya jeshi, lakini ufunguo wake umebaki kwa muuzaji. Tarehe 30 Aprili 2025 Waziri wa Ulinzi wa nchi hiyo aliagiza Jeshi la Nchi Kavu liingize haki ya kujitengenezea vifaa katika mikataba yake. Mwaka ule ule mabaraza yote mawili ya Bunge yaliandika vifungu vya kuifanya haki hiyo kuwa sheria, lakini Desemba vifungu hivyo vikaondolewa katika muswada wa mwisho. Ikiwa jeshi lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani linahangaika kupata ruhusa ya kufungua parafujo za jenereta yake, seuze mwalimu wa shule ya msingi wa Bungoma na simu yake.

Kwa upande wa polisi, jambo hili hufika kaunta kwa sura ya ajabu. Mwananchi anaingia kituoni na simu nzuri isiyo na mkwaruzo. "Afande, nimeibiwa." Nani kakuibia? "Hawa walioniuzia." Askari wa zamu atafute kosa la jinai, hatalipata. Simu ilikuwa mpya, risiti ipo, dhamana ya miezi 12 imekwisha salama. Ni rahisi kumwambia aende zake. Lakini malalamiko ya namna hiyo yana mahali pake. Kenya ni kwa Mamlaka ya Ushindani, Tanzania ni kwa Tume ya Ushindani. Vyombo hivyo haviwezi kushughulikia kisichowafikia, na mwananchi wa kawaida hajui kwamba vipo. Askari wa kaunta anayemwelekeza mtu huko, badala ya kumcheka, anakuwa amefungua faili ambalo lingebaki halijafunguliwa. Yuko na mwingine, ambaye fedha zake zimechukuliwa na mwizi aliyepenya katika simu iliyoachwa bila masahihisho. Kwa huyo jinai ipo wazi, na mpelelezi atamtafuta mwizi kama kawaida. Ingefaa aulize pia simu ni ya aina gani na ilipokea sahihisho la mwisho lini, maana swali hilo halimo katika maelezo mengi yanayoandikwa, na majibu yake yakikusanywa kutoka vituo kumi yanaweza kuwaonyesha wakubwa kitu.

Kwa askari mwenyewe liko jambo la kufanya leo hii. Katika simu nyingi za Android, ukifungua mipangilio, ukaingia sehemu ya usalama au ile ya maelezo ya simu, utakuta tarehe ya sahihisho la mwisho. Ikiwa ni ya mwaka juzi, simu hiyo isibebe akiba wala siri za kazi, hata kama kioo chake kinang'aa. Na anayenunua mpya aombe muda wa huduma uandikwe kwenye risiti. Muuzaji atashangaa, pengine atakasirika. Wateja ishirini wakimwuliza swali hilo katika mwezi mmoja, atampigia simu aliyemletea mzigo.

Yapo bado mambo ya kutazamwa upande wa mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya ushindani ya mwaka 2006, na ndani yake mlaji ametajwa. Ulaya nao wana sheria nyingine iliyopitishwa mwaka 2024, ambayo vifungu vyake vikuu vitaanza kutumika tarehe 11 Desemba 2027. Sheria hiyo inataka kila kifaa chenye programu kimwonyeshe mnunuzi, wakati wa kununua, mwezi na mwaka ambapo huduma yake itakoma. Viwanda vya Shenzhen vinavyouza Hamburg ndivyo hivyo hivyo vinavyouza Mombasa na Dar es Salaam. Kuanzia siku hiyo tarehe itakuwa imekwisha kupangwa, itakuwa imeandikwa, itakuwa kwenye faili za kiwanda. Mzigo wa Hamburg utaonyesha tarehe hiyo. Mzigo wa Mombasa, kwa sheria zilizopo sasa, unaweza kushushwa bandarini, ukapakiwa kwenye lori, ukavuka Namanga, na mtu asiulizwe.